Bei ya Kulala Njiani

Wahenga walisema kuwa msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Mwenye jumba la vyumba ishirini, akiisha kuondoka kwake, huomba mahali pa kulaza ubavu sawasawa na mchukuzi asiye na kitu. Methali hii niliijua tangu utotoni, lakini maana yake niliipata uzeeni, ugenini Marekani, nilipostaafu kazi ya kufundisha na kuanza kuishi barabarani pamoja na mke wangu, miezi saba au minane kila mwaka.

Wastaafu wengi wa nchi hiyo wana desturi hii. Hununua gari kubwa lenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji ndani yake, wakaikimbia baridi ya kaskazini kabla theluji haijaanguka, wakarudi miti inapochipua. Wenyeji huwaita ndege wa theluji. Mtu wa pwani yetu hana sababu ya kuwastaajabia. Wavuvi wa Unguja na Pemba tangu zamani wamekwenda dago: huhama na vyombo vyao kufuata upepo na samaki, wakapiga kambi ufuoni kwa muda, kisha wakarejea kwao. Tofauti ni kuwa mvuvi huenda dago kutafuta riziki, na mstaafu huenda kuitumia ile aliyokwisha kuitafuta. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza uzuri wa mahali, mstaafu huuliza bei yake.

Hesabu yetu ilikuwa nyepesi, na wepesi wake ulitisha. Viwanja vya watu binafsi vyenye umeme, maji ya bomba na shimo la kumwagia maji machafu aghalabu hutoza dola 50 au zaidi kwa usiku mmoja. Usiku 30 ni dola 1,500. Tukiisha kutoa fedha hiyo katika pensheni yetu, kisha tukatoa dawa, bima na petroli, chakula kilibaki kuwa jambo la kubahatisha. Viwanja hivyo humpunguzia bei anayekaa mwezi mzima. Lakini anayelipa kwa mwezi amekuwa mpangaji, si msafiri tena. Mke wangu, ambaye ndiye mshika hazina wetu, alifunga daftari akasema, "Bwana, ama tupate mahali pa bei nyingine, ama tuuze gari." Nyumba tulikwisha kuiuza ili tununue gari hilo. Basi kutafuta ago la bei nafuu hakukuwa mchezo wa wazee wenye nafasi. Ilikuwa haja ya watu wawili ambao hawakuwa na dari nyingine.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kuwa sehemu kubwa ya magharibi ya Marekani haina mwenyewe ila umma. Idara ya serikali iitwayo Bureau of Land Management inasimamia ekari milioni 245 hivi, nyingi zikiwa katika majimbo ya magharibi na Alaska. Katika sehemu nyingi za ardhi hiyo msafiri huruhusiwa kutua bila kulipa hata senti moja, mradi asizidishe siku 14 katika kipindi cha siku 28. Zikitimia, hana budi kung'oa kambi na kwenda mbali, maili 25 katika sehemu nyingi. Misitu ya taifa nayo ina sheria za namna hiyo, ingawa hesabu ya siku hutofautiana. Niliposoma sheria hii mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Sisi husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenzetu wameongeza siku tu. Hekima ni ile ile.

Na jembe nalo lipo. Mbuga na viwanja vingi vya umma huwapa watu wanaojitolea mahali pa kuegesha bure, mara nyingi pamoja na umeme na maji, kwa sharti la kufanya kazi saa kadhaa kila juma: kupokea wageni, kuokota taka, kusafisha vyoo, kuangalia mioto isiachwe ikiwaka usiku. Tulifanya kazi hiyo kiangazi kimoja kando ya ziwa. Rafiki mmoja aliniuliza kama mwalimu mzee haoni haya kushika ufagio wa choo. Nilimjibu kuwa nimesahihisha madaftari kwa miaka thelathini, na kwamba choo, kikiisha kusafishwa, hakibishani na aliyekisafisha.

Jambo la pili ni heshima ya umri. Raia au mkazi wa kudumu aliyetimiza miaka 62 aweza kununua hati ya wazee ya mbuga za taifa. Mpaka Agosti 2017 hati ya maisha iliuzwa dola 10. Kisha ikapanda kufika dola 80. Wengi walinung'unika, lakini faida yake bado ni kubwa kuliko bei, maana katika viwanja vingi vya serikali kuu mwenye hati hulipa nusu ya ada ya kulala. Miongoni mwa hivyo ni vile vya wahandisi wa jeshi, waliojenga mabwawa mengi nchini wakaacha kando ya maziwa yake maago mazuri yenye kivuli. Kiwanja cha dola 24 kwa mzee huyo ni dola 12.

Jambo la tatu ni jangwa. Karibu na mji mdogo wa Quartzsite, Arizona, iko ardhi iitwayo La Posa, mojawapo ya sehemu ambazo serikali ilizitenga kuanzia mwaka 1983 kwa wageni wa muda mrefu. Kwa miaka mingi kibali cha msimu mzima, toka Septemba 15 hadi Aprili 15, kilikuwa dola 180. Gawanya kwa siku 213: haifiki dola moja kwa usiku. Kwa bei hiyo mtu hapati umeme wala uzio. Hupata changarawe, vichaka vya miiba, mahali pa kuteka maji na pa kumwaga taka, na nyota nyingi kupita kiasi.

Katika makaburi ya mji huo liko kaburi ambalo kila mwaka hunisimamisha. Juu yake imejengwa piramidi ya mawe, na kileleni pana sanamu ya ngamia. Aliyezikwa hapo ni Hadji Ali, aliyetoka katika dola ya Uthmaniya mwaka 1856 pamoja na ngamia walionunuliwa na jeshi la Marekani kuchukua mizigo jangwani. Wenyeji walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly. Jeshi liliwaacha ngamia. Yeye alibaki, akafa mwaka 1902. Kila nisimamapo pale huona kuwa misafara ya jangwa lile haikuanza na magari yetu, na kuwa wako wasafiri ambao ago lao la muda huwa la milele.

Sasa niseme lile ambalo vitabu vya bei havilisemi. Ago la bure lina gharama zake. Galoni moja ya maji ina uzito wa karibu kilo nne. Tangi la galoni 40 ni kilo 150, nayo lazima yafuatwe, yachukuliwe, yapimwe kikombe kwa kikombe. Petroli ya kuhama kila baada ya siku 14 hula sehemu ya fedha iliyookolewa. Daktari yuko mbali. Sheria nayo haimtambui mtu asiye na anwani: leseni, kura na bima vyote huuliza kwako ni wapi, na wengi hujiandikisha South Dakota au Texas, mahali ambapo hawalali hata mwezi mmoja kwa mwaka.

Tena wako wanaoishi hivyo bila kuchagua. Majira moja jirani yetu alikuwa mama mjane aliyelala katika gari dogo la mizigo. Kodi ya chumba chake ilipanda, pensheni yake haikupanda. Jessica Bruder alieleza habari za watu wa namna yake katika kitabu Nomadland, mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ilipata tuzo kuu ya Oscar mwaka 2021. Tuliketi na mama huyo moto mmoja, tukanywa chai moja. Lakini sisi tuliitwa watalii, na yeye mjini angeitwa mzururaji. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la mji wa Grants Pass, iliamua kuwa miji yaweza kuwaadhibu watu wanaopiga kambi mahali pa umma, hata kama hawana pa kulala. Kulala ni kule kule; kinachokufanya mgeni mahali pamoja na mkosaji mahali pengine ni mpaka wa ardhi na uzito wa mfuko.

Iko siku ambayo mikono itashindwa usukani. Huko Livingston, Texas, chama cha wasafiri kiitwacho Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978, kina mahali ambapo wanachama wazee au wagonjwa huegesha nyumba zao za magurudumu wakapata chakula na msaada bila kuzihama. Mke wangu ameandika jina la mahali hapo katika ukurasa wa mwisho wa daftari lake, chini ya hesabu zote. Hatusemi habari zake, lakini sote wawili twajua limeandikwa.

Wanafunzi wangu wa zamani wakiniuliza ago lipi ni rahisi, huwajibu kuwa si lile lisilotoza fedha. Ni lile ambalo bei yake umeijua yote: ya fedha, ya maji, ya jasho na ya upweke, ukaona kuwa waweza kuilipa bila kumwachia jirani deni. Uzee ni safari ambayo siku zake za ugeni hazikuandikwa langoni. Mwenye kuijua bei hulala usingizi. Asiyeijua hukesha, hata katika kitanda cha sultani.