Mama Alitaka Mvua Inyeshe Kwanza

Mgololo ya wakati ule hakuna aliyechagua jirani. Ukiajiriwa kwenye kiwanda cha karatasi ulikabidhiwa ufunguo kulingana na cheo chako, ukahamia na masanduku yako, basi. Wakubwa na wageni walikuwa na upande wao, nyumba pana zenye bustani. Sisi wa kota tulipangwa mistari mistari, ukuta kwa ukuta, fundi mitambo karibu na karani, Mhehe akipakana na Mmakonde. Taa ikiungua ulikwenda kuandikisha, wakaja watu na ngazi. Bomba likivuja, vivyo hivyo. Baba yangu alifanya kazi upande wa kupika magogo, na miaka yote ile hakuwahi kununua hata bawaba ya mlango. Ilipofika zamu yake ya kutafuta nyumba ya familia, alikuwa mtu mzima mwenye mvi ambaye hajawahi kutazama nyumba kwa jicho la mnunuzi.

Kiwanda chenyewe kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, Sweden na Ujerumani wakiwamo, kikaanza kutoa karatasi mwaka 1985. Kiliitwa Southern Paper Mills, lakini sijamsikia mtu wa Iringa akikiita hivyo; karatasi zilitoka Mgololo, tukaishia hapo. Kiliwekwa kule ambako milima ya Mufindi inaanza kushuka kuelekea Kilombero kwa hesabu iliyo wazi: mipaina ya Sao Hill iko jirani, mto Kigogo Ruaha una maji ya kutosha, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Kilikuwa na uwezo wa kutoa tani 60,000 kwa mwaka. Magogo yalipikwa kwa dawa zenye salfa, na moshi wake ulinuka mayai viza. Wageni walishuka kwenye gari wakiwa wameziba pua. Sisi harufu ile tulikuwa hatuisikii tena, mpaka siku mitambo ilipozimwa kwa matengenezo, ndipo hewa ikawa ngeni.

Nusu ya pili ya miaka ya 1990 mitambo ilizimwa na haikuwashwa tena tukiwa pale. Nchi nzima mashirika ya umma yalikuwa kwenye foleni ya kubinafsishwa, na letu nalo likapangwa foleni. Nilikuwa kidato cha pili. Mambo ya kiofisi ya wakati ule sitayasema. Walioyajua kwa karibu wapo na wanaweza kusimulia vizuri kuliko mimi. Ninachokumbuka ni kwamba jioni za kota zilibadilika mazungumzo. Wanaume walioongea zamu na mpira sasa waliongea viwanja. Utasikia mtu akimuuliza mwenzake, “Wewe unaelekea wapi?” kama vile wote tuko stesheni.

Baba alikuwa wa Tukuyu, kwa hiyo moyo wake ulikuwa Mbeya. Alitaka Uyole, pale barabara ya Malawi inapoachana na ile ya Zambia. Ardhi nyeusi ya volkano, viazi vinakua vyenyewe, na ndugu zake hawako mbali. Alikwenda, akarudi amechangamka, akaeleza nyumba ya tofali za kuchoma yenye vyumba vinne na mparachichi uani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza wanaume wa mtaa ule wanafanya kazi wapi. Baba akasema wengine viwandani, wengine sokoni Mwanjelwa. Mama akanyamaza kidogo. Wakati huo kiwanda cha Zana za Kilimo na kile cha nguo cha Mbeyatex navyo havikuwa na afya. “Sasa Baba,” akasema, “tumetoka kwenye matanga, unatupeleka msiba wa jirani?”

Nimeishi miji kadhaa tangu hapo na sijasikia swali bora zaidi la kuuliza kuhusu mtaa. Watu huuliza bei, huuliza umeme, huuliza kama gari linafika mlangoni. Ni wachache wanaouliza pesa ya mtaa ule inatoka wapi, na ikikatika, kama itawakatikia wote siku moja. Mama hakusoma zaidi ya darasa la saba, ila alikuwa ameona kota nzima ikiacha kununua nyama wiki moja, na mwenye bucha akifunga kabla ya wafanyakazi wenyewe kuondoka.

Iringa mjini tulikwenda wote watatu. Kihesa ilimpendeza kila mtu. Shule zipo, chuo kikuu cha Tumaini kilikuwa kimeanza miaka michache tu nyuma, na jioni ukisimama kwenye mwinuko unaona mji wote unawaka. Kiwanja tulichoonyeshwa kilikuwa juu kwenye mawe, na maji ya bomba, walisema, yanakuja. Mama alimuuliza mama mmoja aliyekuwa anapanda na ndoo kichwani: yanakuja lini? Yule mama hakusimama. Alijibu huku akipita, “Usiku wa manane, dada, na si kila usiku.” Tukashuka. Bei nayo, kusema kweli, ilitushusha haraka kuliko maji.

Ikabaki Mafinga, ambayo wazee bado waliiita Jonskona. Siku hizi mtu akitaja Mafinga unafikiria mbao, malori na nyumba za kulala wageni. Wakati ule ilikuwa sehemu ya kunywa chai njiani, kambi ya JKT, ofisi za wilaya, hospitali, soko, na baridi. Kutoka Mgololo unapanda kwa gari la abiria au lori la magogo, unapita Kibao na mashamba ya chai, na ukungu mpaka saa nne asubuhi. Baba hakuipenda. Alisema ni mji usio na kitu. Mama alisema ndiyo maana bei yake inaongeleka, halafu hausimami kwa mguu mmoja: kuna mwalimu, kuna askari, kuna nesi, kuna mkulima, kuna dereva. Akifa mmoja wanabaki wengine.

Dalali alituonyesha nyumba mbili, mwezi wa kumi mwaka 1997. Ya kwanza ilikuwa bondeni, imekwisha kila kitu, imepakwa chokaa nyeupe, madirisha ya vioo, na bustani ya kabichi iliyokolea kijani wakati kote kumekauka. Ya pili ilikuwa pagale, huko Kinyanambo, kwenye mwinuko: kuta zimesimama, bati upande mmoja tu, sakafu udongo. Baba alikuwa tayari kulipia ile nyeupe siku hiyo hiyo. Alikuwa na kiinua mgongo chake na hofu ya kila mwenye kiinua mgongo, kwamba pesa itayeyuka kwa wageni na harusi. Mama akasema hanunui nyumba kiangazi. Mvua inyeshe kwanza.

Waligombana, na ugomvi wa wazazi wangu ulikuwa wa heshima na baridi kali. Waliitana “mzee” na “mama” kwa siku nyingi bila kutazamana. Dalali naye alileta maneno ya madalali, kwamba kuna mteja wa Makambako amekwisha panda basi.

Kilichofuata kinajulikana na kila mtu aliyekuwa na akili Tanzania mwaka ule. Mvua za El Nino zilianza, na hazikujua kukoma. Madaraja yalisombwa sehemu nyingi za nchi, na barabara yetu ya Mgololo ikawa tope la kufika magotini. Januari Mama alinichukua, tukapanda lori, tukalala njiani, tukafika Mafinga tumeganda. Ile nyumba nyeupe ilikuwa imesimama katikati ya maji. Haikuwa imeanguka, hapana, nisizidishe. Lakini ukutani kulikuwa na mstari wa matope juu ya goti langu, choo kilikuwa kimejaa na kufurika, na kabichi hazikuonekana. Nilielewa kwa nini zilistawi vile kiangazi.

Mama hakusema neno. Akanipeleka Kinyanambo. Kule hakutazama kuta. Alianza na kisima cha jirani, akaomba maji kwenye kikombe cheupe cha bati alichokuja nacho kutoka nyumbani, akakiweka juu ya jiwe, akaendelea na shughuli nyingine. Tuliporudi akakiinamisha pole pole aone kama kuna utelezi wa kutu chini. Akahesabu hatua kutoka kisimani hadi choo cha nyumba ya juu yake. Akachungulia chini ya paa za nyumba zilizokwisha jengwa, maana matone ya mvua yanachimba mfereji pembeni ya msingi, na mfereji ule unakwambia maji yanakimbilia kwa nani. Aligundua kwamba maji ya nyumba ya juu yangekuja kwetu, na kwamba mwenye nyumba ile alikuwa amechimba mtaro, kwa jembe lake, kuyapeleka barabarani. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko bati zote.

Halafu akaniacha kwenye duka la chumvi na sukari, yeye akaenda bombani kukaa na wanawake. “Kamwene,” walisalimiana, na baada ya hapo ilikuwa Kihehe kitupu, vicheko, nikajua tutachelewa. Alirudi anajua nani mgomvi, nani anauza ulanzi na wateja wake wanaondoka saa ngapi, mwalimu mkuu anakaa shuleni au anaonekana Ijumaa tu, na mtoto akiugua usiku nani ana baiskeli. Alijua pia kwamba bombani bibi kizee akija na kidumu chake anapishwa. Dukani nami nilikuwa nimepewa kazi: niangalie kama kuna daftari la madeni. Lilikuwapo, limening'inia kwa uzi. Mama alisema vizuri. Duka lisilokopesha kabisa, alisema, liko kwenye mtaa wa watu wasiofahamiana au wasiolipana.

Baba alikuja mwisho, kwa ajili ya karatasi. Hapo ndipo alipokuwa imara, na ni haki nimpe sifa yake. Alitaka kuona ofa, na ofa haikuwapo. Kiwanja hakikuwa kimepimwa, kama vilivyokuwa vingi. Alikataa kutoa hata senti mpaka mwenyekiti, muuzaji, mke wa muuzaji na majirani wa pande zote wauzunguke mpaka kwa miguu mbele yake. Mke wa muuzaji alikuwa hajaambiwa kama wanauza. Iliwachukua mchana kutwa kulimaliza hilo, ndani, mlango umefungwa, sisi tumekaa nje kwenye mvua. Wengine wangeondoka. Baba alisema bora asubiri mlangoni leo kuliko mahakamani baada ya miaka kumi. Mke huyo mwishowe alitoka, akaweka dole gumba kwenye hati ya mauziano kabla ya mumewe. Jirani wa juu, yule wa mtaro, akapanda misaiprasi kwenye mpaka wiki ile ile, na Baba akaweka yake kuziba mapengo.

Tulihamia bado hakuna sakafu. Mwezi wa saba sakitu ilitanda kwenye nyasi za bondeni asubuhi, ndani tulilala na jiko la mkaa nje ya kizingiti, na Baba alinuna msimu mzima akiulizia viazi vya Uyole. Alianza kuipenda Mafinga alipopata kazi kwenye kiwanda kidogo cha kupasua mbao. Alisema magogo yamemfuata.

Mgololo haikufa, lazima niseme, ingawa sote tuliifungia virago kama imekufa. Katikati ya miaka ya 2000 kiwanda kilipata mwenyewe mpya kutoka Kenya, kikaitwa Mufindi Paper Mills, na harufu ikarudi. Baadhi ya wenzetu waliobaki vijiji vya karibu, wale tuliowahurumia, walikuwa wamepanda mipaina kwenye mashamba waliyoyapata kwa bei ya chee. Mipaina ile ilipokomaa walijenga nyumba ambazo Baba alizitazama kupitia dirisha la basi bila kusema kitu. Mama aliulizwa kama anajuta. Alisema yeye alikuwa anatafuta pa kulea watoto, miti hakuiulizia.

Mwaka 2015 Mafinga ikawa Halmashauri ya Mji, na baadaye wapimaji wakafika mtaani kwetu na mashine zao kuweka bikoni. Ikaonekana misaiprasi ya mpaka imesimama ndani ya upande wetu, kwa hatua moja hivi, urefu wote wa kiwanja. Baba alikuwa ameshafariki. Jirani wa juu alikuja jioni, mzee sana sasa, anatembelea fimbo, akamwambia Mama kwamba wapimaji wana haki, ardhi ni yetu, ila miti ile baadhi aliipanda kwa mkono wake. Wakakubaliana ikatwe yote, magogo yawe yake na matawi yabaki kwetu kwa kuni. Fundi wa msumeno alimaliza siku mbili.