Picha 120 kwa sekunde 10

Katika komine ya Katuba, hapa Lubumbashi, kijana mmoja anatengeneza filamu juu ya meza ambayo asubuhi mama yake huuzia mikate. Vifaa vyake ni telefone yenye kioo kilichopasuka, udongo wa kichuguu na vipande vya waya. Familia yao ilikimbia vita huko Mitwaba, naye akiwa bado mdogo, na haikutoka na hata picha moja ya nyumba yao. Nyumba hiyo ndiyo filamu yake.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza, ngumu kuvumilia. Unasimamisha sanamu, unapiga picha. Unasogeza mkono wake kidogo sana, unapiga nyingine. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde moja. Wanaoanza huridhika na 12. Basi mama wa udongo akitwanga kwa sekunde 10, ni picha 120, na telefone ikitikisika mara moja tu, kinu kinaruka kama kimepigwa na radi.

Mwanzoni alifanyia kazi dirishani. Jua likasogea, wingu likapita, na kwenye filamu nyumba ikawa inawaka na kuzimika. Siku hizi anangoja usiku, anafunga dirisha na kutumia taa moja ya betri, maana umeme hauna ahadi. Udongo nao ukikauka unapasuka mabegani. Sasa anatia ndani waya uwe mifupa, waya uleule ambao watoto wa mji huu hutengenezea magari ya kuchezea, na akilala anafunika sanamu kwa kitambaa chenye maji.

Walimu wake hajawahi kukutana nao. Wa kwanza ni Jean-Michel Kibushi, Mkongomani mwenzetu, mzaliwa wa Lubefu kule Sankuru, aliyeanzisha studio Malembe Maa mwaka 1988. Baada ya uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991, Kibushi alichukua michoro ya watoto walioyaona mambo yale akaitengenezea filamu iliyotoka mwaka 1992. (Lubumbashi nako uporaji ulifika Oktoba, wenye umri wanakumbuka.) Mwaka 1999 akatoa Muana Mboka, filamu ya vikaragosi juu ya mtoto wa barabarani.

Wa pili ni William Kentridge wa Johannesburg, mji wa migodi kama huu wetu. Yeye huchora kwa makala, hupiga picha, hufuta, kisha huchora tena kwenye karatasi ileile, na alama ya kilichofutwa haiondoki kabisa. Kijana alipoona kazi hiyo alikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa makala. Mama akamkumbusha kwamba makala hayo ni ya kupikia bukari.

Ubishi mkubwa ulikuwa mwingine. Kijana alitaka kuonyesha usiku wa kukimbia, na pamba alikwisha kuitafuta, ya kutengenezea moshi juu ya paa. Alisema Kibushi hakuficha uporaji. Mama alikataa: usiku ule aliuona mara moja na haombi kuuona tena, hata wa udongo. Yaya yake alikuwa upande wa kijana. Waliongea jioni tatu, na pamba ikarudi kwenye godoro. Kwa sasa, angalau.

Mlango nao ulileta maneno. Yaya anasema ulitazama mwembe, mama anasema ulitazama njia. Nyumba imebomolewa mara mbili na kujengwa upya.

Sekunde 40 zimekamilika. Wadogo zake waliozaliwa Lubumbashi wanaomba waonyeshwe kila siku, na wanauliza nani alilala chumba gani. Juzi mama aliinama kutazama kioo kile kilichopasuka, akauliza kwa nini yule mwanamke anatwanga peke yake. Pale nyumbani yeye na dada yake walitwanga wawili, kwa kupokezana. Kijana amefuta picha zote 120. Anakanda udongo wa mwanamke wa pili.