Usipoziba Ufa

Katika methali zote tulizofundishwa tangu mwaka wa kwanza, moja ndiyo iliyonikaa rohoni: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mhadhiri alipoitaja darasani, wenzangu wa Kampala na Masaka walifikiria ukuta wa nyumba. Mimi nilifikiria mlima. Kwetu Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ufa huonekana ardhini, katikati ya migomba na mibuni, na hauzibiki kwa udongo wala kwa saruji. Leo unauvuka kwa hatua moja. Baada ya mvua za wiki mbili unalazimika kuuzunguka.

Nataka kuandika juu ya ufa huo na juu ya watu wanaokuja kwetu baada ya mlima kuporomoka: mhubiri, mwanasiasa na mtu wa misaada. Nawaheshimu wote watatu, na mara nyingine wamekuja wakati hakuna mwingine aliyekuja. Ninachouliza ni kwa nini huja baada ya mazishi, na maneno wanayokuja nayo yanatufanyia nini sisi tunaobaki.

Kwanza nieleze yaliyotokea. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi. Nyumba, maduka na kituo cha afya vilifukiwa. Waliokufa wanakadiriwa kufika 300 au zaidi, na wengi wao hawakuchimbuliwa kamwe. Pale walipofukiwa ndipo kaburi lao. Nilikuwa na miaka saba. Tarehe 11 Oktoba 2018 mto Suume ulishuka na matope na mawe kupitia Bukalasi, ukaua zaidi ya watu 40. Tarehe 27 Novemba 2024 zamu ikawa ya jirani zetu wa Bulambuli, vijiji vikafunikwa na matope. Itazame miezi hiyo: Machi, Oktoba, Novemba. Ni miezi ya mvua, na kila mkulima wa kwetu anaijua kabla haijafika. Maafa yetu hayaji kama mwizi. Huja kama mgeni aliyekwisha kutuma salamu.

Mwaka ule wa 2010 mitambo mikubwa ya kuchimba haikuweza kufika Nametsi, kwa hiyo wanajeshi walipanda kwa miguu wakiwa na majembe na sepetu, wakachimba pamoja na wanakijiji. Walizungumza Kiswahili. Katika ukoo wetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Wazee walioishi zama za Idi Amin walikizoea kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka nyuma ya bunduki. Baba alikwenda kusaidia kuchimba, akarudi usiku na maneno machache mapya: shika hapa, polepole, pole mzee. Aliyarudia mbele yetu taratibu, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Nyumbani kwetu kilikuwa kimeshasafishwa jina miaka 12 kabla ya hapo, katika tope la Nametsi. Ndiyo sababu nimekuja kukisomea chuoni.

Lakini lugha inayofika na sepetu imefika imechelewa. Na baada ya sepetu huja maneno mengine.

La kwanza ni la mhubiri. Baada ya maporomoko ya 2018 alikuja kwetu mhubiri mgeni, akatufundisha kwamba mlima umeadhibu dhambi. Alizitaja: pombe, mizimu, ngoma za imbalu tunazocheza kila mwaka wa shufwa kuwatahiri vijana wetu. Benchi la mbele alikuwa ameketi mama aliyekuwa amempoteza mtoto wa miaka minne. Sijui mtoto wa miaka minne alikuwa amecheza imbalu ipi.

Mimi ni Mkristo na sitaki kuacha kuwa Mkristo kwa sababu ya hotuba moja. Ndiyo maana niliitafuta Injili ya Luka, mahali inaposimuliwa habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Yesu anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao 18 walikuwa wakosefu kuliko watu wengine wote wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe kwamba hapana. Rafiki yangu Mwislamu wa Mbale naye alinikumbusha habari ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kumbe dini zetu zote mbili zinalijua jambo hili. Kusema "ni mapenzi ya Mungu" ni neno la matanga. Humfariji aliyefiwa, na hakuna haki ya kumnyang'anya faraja hiyo. Lakini likihama kutoka matangani likaingia kwenye kikao cha kupanga mahali pa kujenga, linakuwa ruhusa ya kutofanya lolote.

Neno la pili ni la mwanasiasa: janga la asili. Neno hili tunalitumia hata darasani, na mimi nimelitumia katika mitihani. Hebu tulipime. Mvua ni ya asili. Udongo wetu unaotokana na volkano, wenye mfinyanzi unaolewa maji mpaka ukateleza, ni wa asili. Mwinuko mkali ni wa asili. Lakini kuukata mteremko ili kupata kiwanja cha nyumba si asili. Kung'oa miti yenye mizizi mirefu na kupanda maharagwe mpaka kileleni si asili. Shamba la mtu mmoja likigawanywa kwa wana sita, na vipande hivyo vikagawanywa tena kwa wajukuu, watu watapanda juu zaidi kila kizazi. Huko juu wanakutana na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1993, ambao ugomvi wake haujaisha hadi leo. Chini hakuna nafasi, juu hakuna ruhusa, na katikati ndipo penye ufa. Hayo ni mambo ya ardhi, ya sheria na ya bajeti. Tukiyaita ya asili tunamwondolea kila mtu wajibu wake, pamoja na sisi wenyewe tunaolima.

Neno la tatu ni msaada. Malori huja na posho, maharagwe, mablanketi, maturubai na majerikeni. Hakuna anayedharau posho siku ambayo jiko lake liko chini ya tope, na vijana wa Msalaba Mwekundu nimewaona wakibeba wagonjwa mahali ambapo hata mbuzi anasita kupita. Tatizo ni kwamba msaada wa namna hii una tarehe ya mwisho. Kamera zikiondoka, maturubai huchanika, na mtu hurudi kwenye mteremko uleule.

Imejaribiwa pia njia ya kuwahamisha watu. Baada ya 2010 mamia ya familia zilitolewa kwenye kambi ya Bulucheke zikapelekwa Kiryandongo, upande wa Bunyoro, safari ya siku nzima. Mwaka 2019 serikali ilianza kuwahamishia wengine Bunambutye, kwenye tambarare za Bulambuli. Wapo waliobaki huko na kufanikiwa. Wapo pia waliorudi mlimani, na watu wa mjini wakawaita wakaidi. Nimesikia neno hilo hata kwenye korido za chuo, na kila nikilisikia natamani msemaji angekaa jioni moja na babu yangu.

Babu ana mibuni aliyoirithi kwa baba yake. Kahawa hiyo ndiyo iliyolipa karo ya baba, na ndiyo inayolipa yangu. Tambarare ni joto, kahawa ya arabika haistawi huko. Nyuma ya nyumba kuna makaburi ya watu ambao majina yao tumepewa sisi. Nilipomwambia kwamba maisha ni bora kuliko shamba, alinitazama kwa huruma, akasema, "Mjukuu wangu, kwani maisha yangu yako wapi?" Huo si ukaidi. Ni hesabu, na katika hesabu hiyo anayepeleka malori ameandika namba moja tu, ya hatari, akasahau nyingine zote.

Wala babu hajauziba macho ufa. Ulijitokeza juu ya shamba lake katika mvua za pili za mwaka juzi. Alichonga vigingi viwili, akakipigilia kimoja kila upande, na kila Jumamosi asubuhi hupanda kupima umbali kati yake kwa mkono. Huhesabu kwa shibiri na vidole. Anajua chemchemi ipi imehamia na mti upi umeanza kuinama. Kazi hii haimgharimu mtu shilingi. Na kwa muda wote huo hakuna mhubiri, mwanasiasa wala mtu wa misaada aliyewahi kumuuliza: mzee, leo ni shibiri ngapi?

Hapo ndipo ninapoiona methali yangu upya. Ufa wa mlimani hauzibiki, lakini unapimika, na kipimo chake kinaweza kutangazwa. Kanisa na msikiti hukusanya watu wengi kuliko ofisi yoyote, tena kila wiki. Kabla ya sadaka kuna matangazo ya harusi na ya mbuzi waliopotea. Kipimo cha ufa kingeweza kusomwa hapohapo. Mwenyekiti wa kijiji ana daftari la wageni. Angeweza kuwa na ukurasa wa nyufa. Fedha zinazonunua maturubai Desemba zingeweza kujenga mabanda ya kulala tambarare mwezi Agosti, ili familia zilale chini wakati wa mvua na kupanda mchana kuhudumia kahawa. Mtu akiambiwa kwamba shamba litabaki lake na makaburi yatabaki yake, mazungumzo ya kuhama huanza vingine kabisa.

Nasema hivi kwa sababu kwetu yameanza hivyo. Likizo iliyopita tulikaa kikao cha ukoo, usiku mmoja mzima. Baba alitaka sote tuhame. Babu hakutaka hata mmoja aondoke. Mwisho tulikubaliana kwamba vigingi vikipita shibiri nne, mama na wadogo zangu watakwenda kulala kwa shangazi karibu na Mbale, na watarudi mvua zikikatika. Babu mwenyewe amekataa. Amesema atawasindikiza mpaka barabarani, kisha apande kulala nyumbani kwake. Hatujamshinda, na sijui kama ni haki yetu kumshinda.

Wenzangu wengi katika kitabu hiki nao wametoka penye mito inayofurika au milima inayoteleza. Ombi langu kwenu ni dogo. Mkienda likizo, ulizeni nani pale kijijini anaupima ufa, na muandike anachowaambia, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, mkibandike mahali watu wanapokusanyika. Juzi Jumamosi babu alinipigia simu kama kawaida. Ni shibiri tatu na vidole viwili, na mawingu yameanza kukaa juu ya Bukalasi.