Fundo Lisiloonekana



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu (S.A.W.), twapenda juma hili kuzungumza na wasomaji wetu, hususan akina mama na mabinti, juu ya kazi ya mkono ambayo wengi wetu wa pwani hatujazoea kuisikia: kufunga nzi wa kuvulia samaki. Asicheke mtu. Nzi tunayemkusudia si yule atuaye juu ya sinia ya wali. Ni chambo cha bandia, kilichofungwa kwa uzi na manyoya juu ya ndoana ndogo, kikafananishwa na mdudu wa mtoni hata samaki akadhani ni riziki yake.

Asili ya jambo hili si ngeni kwetu. Mvuvi wa pwani anayerambaza nyuma ya chombo hufunga manyoya au nyuzi zing'aazo juu ya ndoana, akawavuta nguru na jodari. Tofauti ni kwamba nguru ana pupa, na bahari ni pana. Mto wa mlimani ni mwembamba, maji yake ni maangavu kama kioo, na samaki wake ni mwenye hadhari kubwa.

Samaki huyo ni trauti, naye hakuwa wa nchi hii. Mayai yake yaliletwa kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905 kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, wakapandikizwa katika mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Baadaye trauti wakaenezwa katika mito ya baridi iteremkayo Mlima Kenya. Upande wa mashariki wa mlima huo, juu kwenye msitu, wamo katika mito kama Kathita upitao Meru na Rupingazi upitao Embu. Huku chini, maji yakishapata joto, hawawezi kuishi.

Tumeyajua haya kwa sababu ya dada yetu, aliyeolewa Embu na kuishi Majengo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mumewe alipofariki alimwachia watoto watatu na duka lenye madeni mengi kuliko bidhaa. Akakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, huku karo ya binti yake wa kidato cha tatu ikimngoja. Kijana wake mkubwa alikuwa amejifunza kufunga nzi kwa jirani aliyepata kufanya kazi hiyo katika karakana moja ya Nairobi. Maana Kenya ni miongoni mwa nchi ziuzazo nzi waliofungwa kwa mkono huko Ulaya na Marekani, na wafungaji wengi ni wanawake. Kijana akamfundisha mamake. Wakakaza jiliwa ndogo ukingoni mwa meza ya cherehani, na kazi ikaanza. Nasi tulipopanda kwenda kumtazama na kukaa naye majuma mawili, tuliikuta ukumbini.

Kazi yenyewe ni hivi. Ndoana hubanwa kwenye jiliwa, tundu lake likielekea mkono wa kulia. Uzi mwembamba, uliopakwa nta ya nyuki ili usiteleze, huzungushwa kutoka karibu na tundu kuelekea nyuma, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenziwe. Hapo hufungwa mkia wa nyuzi chache za unyoya. Kisha manyoya laini ya sungura husokotwa juu ya uzi kwa vidole viwili, yakazungushwa kuwa kiwiliwili. Mbele yake huzungushwa unyoya wa shingo ya jogoo, nyuzi zake zikasimama kama miguu ya mdudu. Mwisho ni kichwa, na fundo la kufungia, ambalo uzi hupitishwa juu yake wenyewe mara nne au tano, ncha ikavutwa ndani na kukatwa.

Juu ya fundo hilo hutiwa tone la rangi ya kucha. Akina mama mtatabasamu. Rangi ile ile tunayowausia muiondoe kabla ya kutawadha, kwa kuwa maji hayaipenyi, hapa sifa yake ni hiyo hiyo ya kutopenya maji.

Juma letu la kwanza, dada yetu alipeleka dazeni tano kwa mnunuzi mmoja, mkononi mwa kijana wake. Dazeni tatu zikarudishwa. "Kaka, mtu huyu ameniona mjane akanionea," akatuambia, na machozi yalikuwa karibu. "Kwa macho, si wote ni sawasawa?"

Kijana hakumjibu mamake. Alileta bilauri ya maji, akamdondosha nzi mmoja, akamtikisa kwa sindano. Nzi akalala ubavu, na unyoya wa shingoni ukaanza kufumuka. Akamchukua wa pili, akajaribu kupitisha mshipi kwenye tundu. Haukupita, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeliziba. Dada yetu alinyamaza kitambo. Kisha akatwaa wembe, akawakata wote thelathini na sita mpaka zikabaki ndoana tupu, akaanza upya.

Siku zile tulijifunza namna ustadi unavyokua. Hakubadilisha aina ya nzi. Alifunga mmoja yule yule, dazeni nzima, ndipo akamweka wa kwanza kando ya wa kumi na mbili na kuwalinganisha. Alihesabu mizunguko ya uzi kwa sauti, kama mtoto wa chuoni anavyohesabu herufi. Mkia aliupima usizidi urefu wa mti wa ndoana. Mbele aliacha nafasi tupu kabla hajafunga chochote, ili kichwa kipate mahali pake na tundu libaki wazi. Akajua pia kwamba manyoya machache hushinda mengi, kwani mdudu wa mtoni ni mwembamba, na anayezidisha humfanya nzi kama kuku aliyelowa mvua.

Alipokwama katika umbo, kijana alikwenda mtoni akageuza mawe. Chini yake hukaa wadudu wachanga, wengine wenye mikia miwili au mitatu, wengine waliojijengea vijumba vya mchanga na vijiti. Hao ndio chakula cha trauti. Wakikomaa hupanda juu ya maji, wakavua ngozi na kuruka. Aliwaleta katika kikopo, mamake akawatazama kwa muda mrefu, na nzi wake wa siku ile walikuwa na uhai ambao vipimo pekee havikuwa vimewapa.

Mtoto wake mdogo, mwenye miaka tisa, akatuuliza swali ambalo wakubwa hawakuliuliza: "Mjomba, si umesema kudanganya ni haramu? Na huyu nzi si wa kumdanganya samaki?"

Tukamwambia kuwa mawindo ya majini Mwenyezi Mungu ametuhalalishia, na hila ya kumpata windo, iwe wavu, dema au nzi wa uzi, ni katika njia za kumpata. Ghushi iliyokatazwa ni ile ya mtu kwa mtu. Tukamkumbusha kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka akakuta imelowa chini, naye akamkemea muuzaji kwa kuficha unyevu chini ya kavu. Mama yake alikuwa akisikiliza, wembe ungali mkononi.

Ndugu zetu, hapo ndipo palipo uzito wa kazi hii. Fundo likishafunikwa kwa rangi ya kucha, hakuna jicho liwezalo kujua kama uzi ulipitishwa mara tano au mara moja. Mnunuzi hajui, na mvuvi atakayesimama mtoni mbali na hapa hatajua mpaka nzi afumuke mkononi mwake. Anayejua ni mfungaji na Mola wake. Samaki aweza kudanganywa kwa halali. Mwenye kununua hawezi.

Jambo jingine ni la tohara. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, manyoya ya mzoga ni najisi. Basi dada yetu hutumia ya jogoo aliyechinjwa kisheria, na ngozi ya sungura aliyechinjwa vivyo hivyo. Shingo ya jogoo mliyoizoea kuitupa siku ya Idi yaweza kutoa nzi wengi. Na kwa anayevua, twausia awe na huruma: abane kwa koleo lile jino la ndoana lililo karibu na ncha, ili samaki asiyehitajiwa arudishwe majini upesi bila kuchanwa, na anayehitajiwa aliwe. Kumtesa kiumbe kwa mchezo mtupu si adabu yetu.

Mzigo wa pili ulipokelewa wote isipokuwa nzi wanne, ambao kijana alionyeshwa kasoro zao mmoja mmoja. Fedha haikutosha karo yote. Ilitosha nusu, na binti akarudi shule akiwa amechelewa siku tisa. Dada yetu hakusema tena kwamba ameonewa. Alipomaliza eda aliwakaribisha wajane wawili wa mtaani, nao sasa hukaa pamoja naye baada ya swala ya alasiri, kila mmoja na jiliwa yake.

Twawausia akina mama: kazi yoyote mliyo nayo, iwe ni kushona kofia, kusuka ukili au kufunga nzi, itazameni sehemu ile isiyoonekana na mteja, mkaanze kujirekebisha hapo. Mwenyezi Mungu azibariki riziki za mikono yenu, awarehemu waume waliotangulia, na awape subira wajane wetu wote, wa pwani na wa bara. Amin.