Maswali ya watoto mbele ya fuvu la Mkwawa

Mzazi unayempeleka mtoto Makumbusho ya Mkwawa pale Kalenga, jiandae kwa maswali. Makumbusho yenyewe ni madogo, dakika 20 zinatosha. Lakini ndani kuna fuvu kwenye sanduku la kioo, na mtoto akishaliona hasikilizi tena habari za mikuki na ngao.

Likizo iliyopita tulikwenda Iringa kumsalimia bibi yao, nikawapeleka wanangu wawili, wa miaka 11 na 8. Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka mjini, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, na jina Iringa limetokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Agosti 1891 Wahehe waliliangamiza jeshi la Wajerumani pale Lugalo. Wajerumani wakarudi Oktoba 1894 na mizinga, wakaibomoa Kalenga. Mkwawa akaingia porini, akapigana kwa kuvizia miaka karibu minne.

Mdogo alitaka kujua mwili uko wapi. Uko Mlambalasi. Sasa kichwa kimefikaje huku peke yake? Nikamweleza kuwa mwaka 1898 Wajerumani walikikata wakaenda nacho kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwataka walirudishe fuvu, lakini lilirudi 1954, baada ya Gavana Twining kulichagua Bremen miongoni mwa mafuvu mengi, kwa kupima vipimo.

"Kwa hiyo, mama, inawezekana si lake?"

Nikamwambia ndiyo, wapo wanaotilia shaka hadi leo. Akaonekana kuridhika kuliko ningempa jibu la uongo.

Swali la mkubwa ndilo lililonikausha koo. Darasani amefundishwa kuwa Mkwawa alijiua asikamatwe, na kwamba huo ni ushujaa. "Na mjomba je? Naye alikuwa shujaa?"

Mdogo wangu wa kiume alifariki mwaka juzi kwa kujiua. Nyumbani jambo hilo halitajwi. Watoto waliambiwa aliugua ghafla, kumbe walishasikia kwa majirani.

Tulitoka nje tukakaa chini ya mti. Nikawaambia Mkwawa anakumbukwa kwa sababu aliwalinda watu wake, si kwa namna alivyokufa. Aliwindwa na jeshi zima. Mjomba hakuwindwa na mtu; aliumwa moyoni, na ugonjwa ule ulimfanya asione kuwa sisi tupo. Hakuwa mbaya, hakuwa dhaifu. Ila tungempata mapema tungempeleka kutibiwa. "Nanyi siku mkizidiwa, niambieni. Hata usiku wa manane, niamsheni."

Mkubwa alilia kidogo, akauliza kama anaweza kumwuliza bibi habari za mjomba. Nikamwambia amwulize kwa upole.

Jioni alimwuliza. Mama alinyamaza muda mrefu, nikadhani atainuka aende jikoni. Kisha akaanza kusimulia jinsi mwanawe alivyokuwa akitoroka shule kwenda kuvua samaki mtoni. Watoto walicheka, naye akacheka. Tangu msiba ule, sikuwa nimemsikia akilitaja jina lake.