Yaimba, Haisemi

Memori kadi yangu ya kwanza niliinunua mwaka 2008, kabla sijawa na simu ya kuitia. Ilikuwa ya megabaiti 128, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Niliifunga kwenye kipande cha nailoni nikaitia mfuko wa shati, na kila nikipita mahali pa vumbi naupapasa mfuko kuhakikisha ingali mle. Kwetu Maweni, Malindi, hakuna aliyenicheka. Simu zenye pa kutia kadi zilikuwa chache kuliko kadi zenyewe, na kijana mwenye kadi yake alikuwa na haki ya kumwambia mwenye simu, "Hebu nitilie yangu kidogo."

Binamu yangu alikuwa na Nokia 6300. Jioni tukikaa barazani alifungua kifuniko cha nyuma, akatoa kadi yake, akatia yangu, na kwa dakika ishirini simu ile ilikuwa yangu. Nyimbo zilikuwa thelathini, maana wimbo mmoja ulikula megabaiti nne hivi. Ukitaka wa thelathini na moja uingie, basi mmoja lazima utoke. Nilizijua kwa mpangilio wake kama nijuavyo majina ya ndugu zangu: Juma Bhalo sita, Zein l'Abdin nne, bango za Mzee Ngala tatu, na nyingine za vijana ambazo leo naona haya kuzitaja.

Nyimbo tulizipata kwa fundi, kwenye kibanda chake karibu na stendi ya matatu. Alikuwa na kompyuta moja ya mezani, feni moja, na daftari la kuandikia madeni. Wimbo shilingi kumi. Zile za zamani alizitoa kwenye kanda ambazo wazee walizinunua Mombasa, nyingine zikiwa na jina la Mbwana Radio Service. Aliunga redio na kompyuta kwa waya, akabonyeza, kisha akangoja. Wimbo wa dakika kumi na mbili uliingia kwa dakika kumi na mbili, wala hapakuwa na namna ya kuuharakisha. Ndiyo maana kibanda kile hakikukosa watu: huwezi kumwachia fundi kanda ya baba yako ukaenda zako.

Na kadi zile zilitembea. Yangu niliwahi kuituma Gongoni kwa mkono wa kondakta, ikarudi siku ya tatu ikiwa na nyimbo za mwanzele ambazo sikuziomba, na saba katika zangu zimefutwa. Nilikasirika siku moja. Siku ya pili nilikuwa nazicheza hizo za mwanzele. Hivyo ndivyo tulivyoishi: hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutosha, kwa hiyo vitu vyetu vilikaa kwa wenzetu.

Mwaka 2011 nilipata Ideos, ile simu ya Huawei iliyowaingiza wengi wetu katika Android kwa shilingi elfu nane hivi. Ilikuwa nzuri kwa wiki mbili. Wiki ya tatu ikaanza kulalamika kwamba nafasi imejaa, nami sikuwa nimepakua hata programu kumi na tano. Fundi akanionyesha pa kubonyeza ili programu zihamie kwenye kadi, jambo ambalo Android ilianza kuliruhusu katika toleo la 2.2. Nikatia kadi kubwa zaidi. Hapo ndipo nilipoacha kufuta, na bila kujua, nikaacha pia kuazima na kuazimwa.

Mwaka uliofuata serikali ikatangaza kwamba simu bandia zitazimwa mwisho wa Septemba. Ami yangu, mvuvi, alikuwa na moja ya Kichina yenye laini mbili, antena ya televisheni na spika ambayo ungeisikia kutoka ng'ambo ya barabara. Oktoba ilipoingia mtandao ukatoweka. Nilimkuta ufukweni, simu imening'inizwa kwenye mlingoti wa mashua yake, taarab inanguruma.

"Ami, si hii imezimwa?"

"Yaimba," akanijibu. "Haisemi."

Ilikuwa kweli. Kilichofungwa ni namba ya utambulisho wa simu kwenye mitandao. Betri, spika na kadi ya gigabaiti moja havikuguswa na mtu. Simu ikageuka redio ya mashua, na kwa miaka kadhaa haikufanya kazi nyingine.

Aprili 2013, baada ya swala ya alasiri, babu alikuwa ameketi mkekani akishona wavu. Alikuwa nahodha tangu ujana wake. Nilimwekea Ideos pembeni, nikabonyeza kurekodi, nikamwuliza habari za kusi na kaskazi. Alizungumza dakika 40. Alieleza jinsi ya kuujua mwamba usioonekana: unalinganisha Mnara wa Vasco da Gama na alama nyingine ya nchi kavu nyuma yake, na zikikaa mstari mmoja unajua uko kwenye mstari wa mwamba gani. Alieleza maji mekundu ya Sabaki, siku gani yanasogea kuja Malindi na siku gani yanabaki upande wa Mambrui. Akazitaja nyota, akianza na Kilimia. Mwanzoni kabisa alimfukuza kuku, na sauti ya kuku ikaingia pia.

Usiku ule ami aliisikiliza mwanzo mpaka mwisho, kisha akasema, "Nirushie." Nikamrushia kwa Bluetooth. Haikuchukua hata dakika mbili, kwa sababu dakika 40 za maneno, kwa ule mtindo wa simu wa kubana sauti, hazikufika megabaiti nne. Elimu yote ile ya bahari ilikuwa na uzito wa wimbo mmoja.

Mwaka 2014 Mungu alimchukua babu.

Mwaka uliofuata nikabadilisha simu, na kwa furaha ya simu mpya nikanunua kadi ya gigabaiti 64 kwa mchuuzi wa mtaani, shilingi 900. Simu ikasoma 64. Nikahamisha kila kitu: kwanza filamu ya harusi ya dada, kisha picha, kisha nyimbo, na sauti ya babu ikaja mwisho kwa kuwa ndiyo ndogo. Nikaifuta Ideos pamoja na kadi yake, nikamgawia mtu.

Miezi miwili baadaye nilitaka kumsikilizisha mgeni. Faili ilikuwapo, na jina lake, na tarehe yake, na uzito wake. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Picha za karibuni nazo zilikuwa vivuli vya kijivu.

Fundi aliichomeka kwenye laptopu akafungua programu iitwayo H2testw, ambayo huijaza kadi kwa maandishi yake yenyewe kisha huyasoma upya, ione yaliyobaki. Tulikunywa chai, tukaagiza na mahamri, bado inasoma. Mwishowe ikatoa hukumu: za kweli ni gigabaiti 7.4. Fundi akanieleza kwamba chipu ya ndani ilikuwa ya nane, ila aliyeitengeneza aliifundisha kusema ni 64. Inapokea kila unachoipa, inaandika jina kwenye orodha, na kilichozidi inakitupa. Ni mfano wa karani anayekuandikia risiti bila kuuingiza mzigo ghalani.

"Sauti hiyo, nani mwingine anayo?" akauliza fundi.

Nikamkumbuka ami.

Simu ya mashua ilikuwa kwenye kikapu cha nyuzi, betri imevimba kama andazi, haiwaki tena. Kadi tuliitoa kwa ncha ya kisu. Vile vibao vyake vya dhahabu vilikuwa vimekuwa kijani kwa chumvi. Fundi hakutumia maji wala hakukwaruza kwa chuma. Alichukua raba ya penseli ya mtoto wa shule, akasugua taratibu kuelekea upande mmoja, akapuliza, akapangusa kwa pamba yenye spiriti. Dhahabu ikarudi.

Umeme ulikuwa umepotea mtaa mzima na laptopu imezima, wala fundi hakutaka kadi iliyoliwa na chumvi iingie ndani ya simu yangu. Akatoa kwenye droo kebo fupi, isiyozidi kiganja, akaniuzia kwa shilingi 150. Ndiyo siku niliyoijua OTG. Simu ikiungwa na kompyuta, nahodha ni kompyuta na simu ni baharia, inatii tu. Tundu la micro-USB lina pini tano, na ile ya ziada ni ya utambulisho. Kwenye kebo ya kawaida haijaungwa na kitu. Kwenye kebo ya OTG imeungwa na ile ya hasi, na simu ikiona hivyo hujua kwamba sasa nahodha ni yenyewe: inatoa umeme, inauliza nani yuko upande wa pili. Kanuni hiyo ilitungwa mwaka 2001, Android ikaipokea katika toleo la 3.1 mwaka 2011, nami ikanifikia siku hiyo, gizani, kwenye kibanda cha Malindi.

Tulichomeka kebo kwenye simu, kisoma kadi kwenye kebo, kadi ndani ya kisoma kadi. Taa ndogo ikawaka. Nikafungua folda ya vitu vilivyopokewa kwa Bluetooth, nikakuta faili moja yenye jina la tarakimu tupu. Nikabonyeza. Kwanza alisikika kuku.

Simu niliyonayo leo haina kabisa mahali pa kadi. Ina gigabaiti 128 za ndani, mara elfu moja ya ile kadi yangu ya kwanza, na zimejaa. Mimi huongeza nafasi kwa flashi yenye vichwa viwili, kimoja cha USB-C kwa simu, kingine kwa kompyuta. Nimejifunza mambo yake kwa kuumia. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 hukataa faili inayozidi gigabaiti nne hata kama ni tupu, basi ya filamu ya harusi huifomati kwa exFAT. Diski kubwa inayozunguka huishinda simu kwa umeme, hutaka chanzo chake. Na kadi au flashi mpya, popote niliponunua, haipati kitu changu kabla ya kujaribiwa kwa H2testw.

Lakini hayo si yaliyoiokoa sauti ya babu. Iliokolewa na ami aliyesema "nirushie", kwenye simu iliyokwisha kuzimwa na serikali. Leo ipo kwangu, kwa ami, kwa dada aliye Kilifi, na kwa vijana wawili wa mashua za Watamu walioiomba kwa sababu ya habari za miamba. Nawe kama una sauti ya mzee wako kwenye simu, usianze kwa kuitafutia kadi kubwa. Mrushie mtu leo, kisha mwambie naye amrushie mwingine.