Mikate imekwisha, pesa ziko wapi?

Huenda nawe una jirani, shangazi au rafiki aliyeacha kibarua akafungua bekari ndogo. Kila alfajiri mtaa huamshwa na harufu ya mikate yake, na kufikia saa nne rafu ni tupu. Watu humpongeza na kumwombea baraka. Lakini siku ya kulipa kodi ya chumba inapofika, mwokaji huyo huyo huanza kubisha milango ya jamaa akiomba wamwokoe.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa katika hali hiyo. Alifungua bekari yake mapema mwaka wa 2025 mtaani Kihoto, mjini Naivasha, katika sehemu ya juu iliyo mbali na ziwa. Alikuwa na tanuri moja, meza moja na kijana mmoja wa kumsaidia. Miezi sita baadaye aliniambia, "Wifi, wateja ninao. Pesa ndizo sizioni." Alikuwa tayari ameamua kuchukua mkopo.

Nilimsihi asubiri wiki mbili tu. Mkopo si kitu kibaya, lakini ni nani ajazaye mtungi kabla ya kuziba nyufa zake? Hazina ya Hasla, kwa mfano, ilipozinduliwa Novemba 30, 2022, ilianza na mikopo ya Sh500 hadi Sh50,000 ya kulipwa kwa siku 14. Mtu asiyejua faida yake ya siku moja atalipaje deni la siku 14? Badala ya mkopo, tulinunua mizani na daftari. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Ufa wa kwanza tuliuona juu ya meza. Ili upate mkate wa gramu 400, donge la unga uliokandwa hukatwa likiwa na gramu 460 hivi, kwa kuwa maji hupungua ndani ya tanuri. Yule kijana alikuwa akikata kwa kukadiria. Tulipoyapima madonge yake, mengi yalikaribia gramu 500. Utasema gramu 40 ni tonge la mtoto. Hata hivyo, katika mikate 100 hizo ni kilo nne, yaani zaidi ya mikate minane inayogawanywa bure kila siku. Isitoshe, mteja hashukuru, maana hajui kwamba amepewa.

Ufa wa pili ulikuwa katika bei. Pakiti ya kilo mbili ya unga wa ngano hutoa mikate saba hivi. Tuliandika gharama ya unga, sukari, hamira, mafuta, chumvi, makaa, mifuko ya kufungia, kodi na mshahara wa kijana, kisha tukagawanya kwa idadi ya mikate. Faida iliyobaki ilikuwa nyembamba mno. Bei yenyewe haipandishwi ovyo, kwa sababu magari ya kampuni kubwa hupita alfajiri yakisambaza mikate katika kila duka. Aidha, Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka ng'ambo. Vita vya Ukraine vilipozuka Februari 2022 na bei ya ngano ikapanda, mwokaji mdogo hakuwa na wa kumlilia. Daftari lilionyesha kwamba skonzi na mandazi ndivyo vilivyomlisha wifi. Ndiposa alipunguza mikate na kuongeza skonzi.

Ufa wa tatu, na ndio mpana zaidi, ulikuwa deni. Wakazi wengi wa Kihoto hufanya kazi katika mashamba ya maua, na mshahara huja mwisho wa mwezi. Mkate huliwa leo, malipo husubiri. Mwenye duka la unga naye hasubiri. Halafu kuna ziwa. Mwaka wa 2020 maji ya Ziwa Naivasha yalipanda yakaingia katika nyumba za Kihoto, na mwishoni mwa 2025 yakarudi kwa nguvu zaidi. Familia nyingi zilihama, nyingine zikitolewa kwa mashua. Wadeni wa wifi walitawanyika pamoja nazo. Je, ungempigia simu mama aliyepoteza nyumba umdai pesa za mikate miwili? Wifi alipiga mstari juu ya majina hayo akanyamaza. Lau angekuwa amechukua ule mkopo, angedaiwa yeye huku waliomla wakiwa hawapo.

Hakukataza deni kabisa, kwa sababu jirani hanyimwi mkate wa watoto. Aliliwekea mpaka. Nyumba moja haikopi kupita mikate ya wiki moja, na deni jipya halianzi kabla ya la zamani kulipwa. Vilevile, anayelipia mikate ya mwezi mzima siku ya mshahara huongezwa mmoja. Hivyo pesa za wateja hununua unga badala ya unga wake kununua wateja.

Ufa wa nne ulikuwa nyumbani. Nauli, kalamu za watoto na mchango wa harusi vilitoka katika kopo lile lile la mauzo. Bandu bandu huisha gogo. Sasa wifi hujilipa mshahara kila Jumamosi, na hata mkate wa chai ya nyumbani huandikwa. Kaka yangu alinung'unika, "Yaani nile mkate wa mke wangu kwa daftari?" Akajibiwa, "Ndiyo, baba watoto, la sivyo tutaila bekari yenyewe."

Wifi hajatajirika. Lakini kodi hulipwa kwa wakati, kijana hupata chake, na mkopo haujachukuliwa. Siku atakapouhitaji atajua ni wa nini na utalipwa na nini. Nawe msomaji, ikiwa unamjua mwokaji anayetaka tanuri la pili ilhali la kwanza halimlishi, mshauri anunue mizani kwanza.